Fundi Matimba wa Nyamwendo

Sikwenda machimboni kutafuta dhahabu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa kwa sauti kubwa zaidi hapa Mhunze, kuanzia bombani hadi kwenye benchi la nje ya kanisa. Linalosemwa kwa sauti ndogo ni kwamba mdogo wangu Paschal alikataa kumzika shemeji yake, kwamba nilikwenda kumpigia magoti, na kwamba alipokuja hapa mwezi wa nane alikuja kwa kulipwa. Nimefundisha darasani miaka thelathini na minne, na ninajua kwamba darasa likinong'ona ndipo lina jambo. Kwa hiyo ninayaandika haya kwa mkono wangu. Mtoto yeyote niliyemfundisha kusoma anaweza kumsomea mama yake.

Paschal ni kitinda mimba wa baba yetu, Theonest, aliyekuwa katekista Ushirombo kwa muda mrefu kuliko mapadri wengi aliowapokea. Mimi ni wa kwanza. Kati yetu walizaliwa wengine wanne, na leo mwanamume aliyebaki katika nyumba ya baba ni Paschal peke yake. Alipozaliwa nilikuwa tayari chuo cha ualimu. Nilimbeba mara ya kwanza nikiwa likizo, akanitapikia kwenye sare ya chuo, na baba akasema, "Huyo ni wako, Evelina."

Ikawa hivyo kweli. Mama alipofariki, Paschal alikuja kukaa kwetu Mhunze akiwa na miaka tisa. Mume wangu, Dominiko, alikuwa bwana shamba wa pamba katika wilaya hii ya Kishapu. Mungu alitujalia mtoto mmoja tu, Mariana, kwa hiyo Dominiko alimpokea Paschal kama mtu aliyekuwa akimngojea. Walikuwa hawaachani. Nchi yetu hii si ya miti mikubwa, na nguzo nzuri za zizi hutafutwa mbali. Wale wawili waliweza kwenda asubuhi na kurudi jioni na nguzo nne, wakibishana njia nzima ipi imekauka vizuri na ipi italiwa na mchwa. Dominiko alikuwa akigonga mti kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Paschal naye akagonga na kusikiliza. Nikiwaita waje kula, walikuwa wananijibu kwa pamoja: "Tunakuja," na hawaji.

Alisoma hadi kidato cha tatu. Likizo moja alikwenda Ushirombo kumsalimia baba, shule ikafunguliwa, hakurudi. Baada ya wiki sita tukapata habari kwamba yuko machimboni. Mimi nililia kwa hasira. Dominiko akasema, "Hakuiba kitu cha mtu, Mama Mariana. Amekwenda kufanya kazi."

Sikukubali. Sisi ni watoto wa katekista. Watu walipouliza, nilijibu, "Paschal yuko upande wa Geita, kwenye madini," na nilitamka kwa namna ambayo msikilizaji aone ofisi yenye vioo na kitambulisho kinachoning'inia shingoni. Sikusema uongo. Nilisema ukweli, nikauacha mlango wazi upande ule mwingine, na watu wakaingia wenyewe. Niliendelea hivyo miaka mingi. Dominiko hakupenda, lakini hakunisuta mbele ya watu. Kila mwaka, pamba ikishauzwa, alikuwa anapanda basi kwenda kumwona shemeji yake, siku tatu au nne, anarudi na matope kwenye viatu na habari nyingi. Mimi sikuwahi kwenda.

Dominiko alifariki mwezi wa pili, miaka miwili na nusu iliyopita, moyo ulisimama asubuhi akiwa anafunga kamba za viatu.

Huku kwetu msiba haukamiliki mpaka redio iutangaze. Mtu anaandika karatasi, inafikishwa kituoni, na saa ya matangazo ya vifo msomaji anasoma kwa ile sauti ya taratibu: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, mazishi siku fulani, habari ziwafikie. Hapo kwenye "habari ziwafikie" ndipo watu hutega masikio, kwa sababu hapo ndipo ukoo unapojulikana. Kutajwa ni kuitwa. Asiyetajwa, hata awe ndugu wa tumbo moja, akija anakuja kama mpita njia.

Tangazo la Dominiko niliandika mwenyewe, na nilikataa kusaidiwa. Habari ziwafikie Padri Sostenes wa Ngara. Mwalimu Luka wa Nyahanga, Kahama. Bibi Anisia, muuguzi mstaafu, wa Ushirombo. Kila jina lilikuwa na kitu cha kuegemea. Nikafika kwa mdogo wangu. Niliandika "Paschal Theonest," kalamu ikasimama. Paschal wa nini? Wa wapi? Mchimbaji wa mashimo, wa kambi isiyokuwa hata na ofisi ya posta? Nilipiga mstari juu ya jina lake, nikajiambia kwamba mtu wa tumbo moja anafaa kuambiwa kwa sauti yangu, si kwa redio. Nikampigia simu. Siku ile nilipiga mara nne na siku ya pili mara mbili, haikupatikana. Siku ya tatu tukazika. Paschal hakuja.

Nimeolewa katika Usukuma zaidi ya miaka arobaini, najua maana ya kukosa mazishi. Sungusungu wamewahi kuwatoza watu faini kwa hilo, na nyumba isiyochimba makaburi ya wenzake huambiwa itachimba la kwake yenyewe. Wanawake waliniuliza, "Na yule mdogo wako wa kwenye madini?" Nikajibu, "Alipata dharura." Ile dharura ikatembea mdomo kwa mdomo mpaka ikawa amekataa. Nilisikia, nikanyamaza. Kumtetea kungenilazimu kuonyesha ile karatasi. Kosa ni hilo, nalo ni langu peke yangu. Asibebeshwe mtu mwingine.

Mwaka huu, mwezi wa sita, ndugu wa marehemu walikaa kuzungumzia msalaba. Kaburi lilikuwa limejengewa, lakini msalaba wa saruji ulikuwa bado umelala ukutani nyuma ya nyumba. Shemeji yangu mkubwa, Mzee Mabula, alizungumza kama anavyozungumza siku zote, macho yake yakiwa kwenye fimbo.

"Msalaba hausimikwi na upande mmoja, Mwalimu. Wa kwetu watafukia udongo. Wa kwenu atashika. Mtu asije akasema marehemu alililiwa na nusu ya watu wake. Sasa mwanamume wa kwenu yuko wapi?"

"Yuko," nikasema.

"Yuko wapi? Maana siku ile hatukumwona."

"Nimesema yuko, shemeji."

"Asipoonekana tutamwomba yule binamu yenu wa Kahama, Luka. Binamu naye ni mtu."

Luka ni mtu, ndiyo. Lakini Luka kushika msalaba wakati Paschal yu hai ni sawa na kuwatangazia watu kwamba nyumba ya katekista Theonest imefungwa. Nilihitaji mdogo wangu aje, na nilijua kwamba yeye hakuwa na sababu yoyote ya kuja.

Mwezi wa saba Mariana, ambaye ni muuguzi, alihamishwa kikazi kutoka Shinyanga kwenda Ngara. Tulikodi gari aina ya Noah la Amosi, kijana wa zamani wa darasa langu ambaye sasa ana mvi nyingi kuliko mimi, tukapakia kitanda, jiko la gesi na maboksi ya vitabu. Nilimsindikiza mwanangu kama mama yeyote angefanya. Hiyo ndiyo safari inayosemwa kuwa nilikwenda kufuata dhahabu.

Tulitoka Shinyanga alfajiri, tukanywa chai Kahama, na saa tano tulikuwa Ushirombo. Tulisimama kwenye makaburi ya misheni, nikang'oa majani kwenye kaburi la baba. Tulirudi garini, na tulipokaribia Runzewe Mariana akaniuliza.

"Mama, kwa mjomba ni umbali gani kutoka hapa?"

"Sijui."

"Unajua."

"Nyamwendo?" Amosi akadakia. "Napajua. Mwaka juzi nilipeleka masufuria ya harusi huko. Ni nusu saa ya vumbi."

"Hatukupatana njia ya vumbi, Amosi."

"Vumbi langu, Mwalimu. Gari nitaosha mwenyewe."

"Mama," Mariana akasema, "baba alikuja huku kila mwaka kwa basi. Sisi tuna gari, na linapita hapa hapa. Tukipita bila kusimama mimi nashuka, na kitanda utakipanga wewe huko Ngara."

Niligeukia dirisha. Amosi alichukua ukimya wangu kama ruhusa, akakata kona.

Nyamwendo ni mabati, maturubai na kelele za karasha, zile mashine za kusagia mawe, zinazosikika kabla hujaona nyumba hata moja. Nilitazamia uchafu. Uchafu upo, lakini nyumba ya Paschal ni ya matofali ya kuchoma, imefagiliwa hadi barabarani, na uwanjani kulikuwa na magogo yamepangwa kwa unene, kila moja na alama ya chaki. Mke wake, Lusia, alitoka akifuta mikono kwenye kanga. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, siku ya ndoa yao kanisani Ushirombo. Alipiga magoti.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba."

"Tulikuwa tunakusubiri."

"Nani aliwaambia tunakuja leo?"

"Hakuna. Leo hatukuijua. Tulikuwa tunakusubiri tu."

Kisha akageuka, akaita kuelekea uani, "Dominika! Njoo umsalimie shangazi!" Akatoka msichana mdogo wa kama miaka miwili, anaburuta kopo kwa kamba, ana uso wa mama yetu mtupu. Nilihesabu miezi kichwani. Alizaliwa mwaka uleule tuliomzika Dominiko. Huku mtoto hapewi jina la marehemu na mtu ambaye hakumlilia marehemu huyo. Nilitafuta kiti nikaketi.

Paschal alikuwa kazini. Lusia alisema duara moja limeonyesha ufa na ameitwa kulitazama, huenda akakawia. Duara ni lile shimo wanaloshuka wachimbaji, na kazi ya mdogo wangu ni matimba, yaani nguzo na magogo yanayozuia kuta zisiwaangukie walio chini. Hayo niliyajua kwa kusikia kutoka kwa Dominiko. Nikasema sitasubiri kwenye kiti, nitakwenda hukohuko. Lusia alitupeleka mpaka mahali ambapo wageni wanaruhusiwa kusimama.

Mdomoni mwa duara walikuwa wamekaa wanaume kama kumi hivi. Mmoja mrefu, mwenye kofia ya sufu katika jua lile, alikuwa ameegemea winchi ya mkono. Jina lake Mwigulu.

"Mwadila, mama," akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila."

"Wewe ni mwenye duara mpya au ni mganga? Maana wenye viatu vya namna hiyo huja kwa mambo mawili tu."

Wenzake walicheka.

"Mimi ni mwalimu," nikasema, "na wewe ungekuwa darasani kwangu, saa hizi ungekuwa umesimama nje."

Alivua ile kofia. "Ehee! Ndiye huyu! Dada yake Paschal! Alituambia ana dada ambaye hata ukimsalimia anakusahihisha."

"Na nyinyi mmekaa tu? Mbona hamfanyi kazi?"

"Tukimbilie nini, mama? Hapa hashuki mtu kabla yake. Juzi mwenye duara alikuja na haraka zake, anapiga kelele, dhahabu imeonekana, shukeni, shukeni. Paschal akakaa hapo kwenye jiwe, akamenya muwa, akautafuna wote. Yule bwana alipochoka kupiga kelele, Paschal akasema, sasa naweza kusikia mti. Ndipo akashuka."

"Na ukuta ulikuwaje?"

"Ulikuwa unakuja. Ungekuwa umetukuta sita chini." Alilisema hilo akiwa bado anatabasamu. "Miaka sita, mama, kwenye maduara aliyoyafunga yeye hatujamzika mtu."

Niliangalia lile shimo. Halikuwa na kitu cha kuona, giza tu na pembe ya gogo. Nilisikia kitu kikigongwa chini, kikanyamaza, kikagongwa tena. Nilijua mwenyewe ni nini kile. Nilikuwa nimekisikia miaka mingi uani kwangu, nikiwa naita watu waje kula.

Alipanda kwa kukanyaga matimba, taratibu, tochi kichwani, tope hadi shingoni. Amekuwa mtu mzima. Ana mabega ya baba. Aliniona, akasimama. Tangu ajifunze kusema, Paschal hakuwahi kunikuta mahali bila kunipa shikamoo, na mimi mkubwa siwezi kuanza. Nikangoja. Wanaume wote wakangoja. Akamgeukia Mwigulu.

"Upande wa magharibi bado. Asishuke mtu."

Mariana alimshika mkono. "Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mama. Umekua." Kisha kwangu: "Umefika."

"Nimefika."

"Twendeni nyumbani. Hapa ni pa kazi."

Hivyo ndivyo nilivyopokewa. Sikupiga magoti, na hakuna aliyeniambia nipige.

Lusia alikuwa amechinja kuku. Tulikula bila maneno mengi. Amosi peke yake ndiye aliyejaza hewa kwa habari za matairi. Maji ya kunawa yalipopita mara ya pili nilisema nililokuja nalo, na nililisema vibaya.

"Habari za msiba ulizipata?"

Paschal aliweka kitambaa chini. "Nilizipata, dada. Nilizipata kama walivyozipata watu wa Kibondo na watu wa Tabora."

"Paschal..."

"Ngoja. Umeuliza, nijibu. Hapa saa ya matangazo ya vifo karasha zinazimwa. Wote tuna watu mbali, kila mmoja anasikiliza kama kuna wa kwake. Tulikuwa kumi na wawili, chini ya turubai la Mwigulu. Likasomwa jina la shemeji. Dominiko, bwana shamba, wa Mhunze. Wote wakanigeukia, kwa sababu wote wanamjua, amelala kwenye nyumba hii, amekula nao. Nikasimama. Nikasema nyamazeni, ngoja nisikie mazishi lini. Likaja habari ziwafikie. Padri. Luka. Anisia. Mwisho. Likaingia tangazo la mtu mwingine. Theonest mmoja, kijana mgeni, jina moja na baba yetu, akaniuliza: Kumbe si shemeji yako?"

Mariana aliinamisha kichwa.

"Niliondoka hivyohivyo," Paschal akaendelea. "Nilifika Kahama. Pale stendi gari la Shinyanga likapakia, likaondoka, likaja jingine. Nikawa nauliza moyoni, nikifika nitasimama wapi? Na wachimba kaburi? Na wageni? Nikarudi."

Ningeweza kusema habari za simu. Nilipiga mara sita, si uongo. Lakini simu haikuwa jibu la alichouliza.

"Nilikuandika," nikasema. "Kisha nikakufuta."

"Kwa nini?"

"Sikujua nikuandike wa nini."

Alikiokota kile kitambaa, akakikunja. Nilidhani atainuka atoke. Badala yake akasema, karibu kwa upole, "Ungeniuliza."

Basi nikafungua mkoba. Nilikuwa na daftari lenye tangazo jipya, la misa na kusimikwa kwa msalaba, ambalo nilipanga kulipitisha kituoni wakati wa kurudi. Nilimpa asome. Nilikuwa nimejitahidi. Safari hii jina lake lilikuwepo: Bwana Paschal Theonest, mtaalamu wa madini, wa Geita.

Alisoma mpaka hapo akainua macho. "Huyu ni nani?"

"Ni wewe."

"Mimi simjui. Akija kushika msalaba nitafurahi kumwona."

Amosi alicheka akajifanya anakohoa. Mariana hakujifanya. Nilichukua daftari, nikapiga mstari juu ya mtaalamu wa madini, na kalamu haikusimama hata kidogo.

"Haya, sema."

"Fundi matimba."

"Fundi matimba."

"Wa machimbo ya Nyamwendo."

"Wilaya ya Bukombe?"

"Kila mtu anajua."

"Redio inafika Tabora, Paschal. Si kila mtu anajua."

"Weka wilaya basi. Na usiniweke mwisho. Wala usiniweke wa kwanza, watasema umelazimishwa."

"Nakuweka baada ya Padri."

"Kabla ya Luka?"

"Kabla ya Luka. Luka ni binamu."

Hapo akacheka, kwa mara ya kwanza, na Lusia kule jikoni akaanza kuimba.

Lakini hakuahidi. Nilipouliza kama atakuja, alisema upande wa magharibi wa lile duara haujatulia na hawezi kuondoka watu wakiwa wanashuka kwenye ukuta ambao yeye hauamini. Sikumbembeleza. Tulilala kwake. Asubuhi, tulipokuwa tunafunga kamba za mizigo, alikuja dirishani kwangu, ameshavaa tochi yake, akasema, "Shikamoo, dada," kama vile jana haikuwepo. Nikasema marahaba. Tukaenda zetu Ngara, nikampangia Mariana kitanda, na baada ya siku tano nikarudi na Amosi. Karatasi niliipitisha kituoni kama nilivyopanga, na yule dada wa mapokezi aliniuliza matimba ni nini. Nikamweleza. Alikuwa na foleni nyuma yangu, lakini nilimweleza.

Lilisomwa siku ya Alhamisi. Niliitoa redio nje, nikaiweka kwenye kiti, nikafungua sauti yote. Majirani walisikia, na ndivyo nilivyotaka. "Fundi matimba Paschal Theonest, wa machimbo ya Nyamwendo, wilaya ya Bukombe." Mama mmoja wa jumuiya yetu, ambaye simtaji, alisimama kwenye ua wa miti ya mikaya.

"Fundi matimba? Si ulisema yuko ofisini?"

"Ofisi hiyo mliijenga nyinyi," nikamwambia. "Mimi nilikaa kimya tu, na nilikosea. Mdogo wangu ni fundi matimba. Watu wanashuka chini ya ardhi kwa neno lake, na wanarudi kwa watoto wao."

Jumamosi ya msalaba watu walijaa. Misa ilikuwa saa nne. Saa tatu na nusu Paschal hakuwepo. Mzee Mabula alikohoa mara mbili, akamtazama Luka, ambaye alikuwa ameshakunja mikono ya shati. Nilisema, "Tutangoja." Saa nne kasoro tano likaingia gari la mizigo lenye vumbi la rangi nyekundu ambayo si ya huku. Akashuka Paschal, shati jeupe, akashuka Lusia na mtoto, akashuka Mwigulu na kofia yake.

Hakwenda kwenye viti. Alimwamkia Mzee Mabula, akamwamkia padri wa misa, akaenda moja kwa moja kwenye lile shimo lililochimbwa kichwani mwa kaburi. Alichuchumaa, akaingiza mkono.

"Limechimbwa na nani?"

"Vijana," Mzee Mabula akasema.

"Ni fupi. Masika ya pili msalaba utalala."

"Upande wenu hushika tu. Hauchimbi."

"Baba, nikishika kitu kinachoyumba nitakuwa nimeshika nini?"

Mzee alifikiri. Kisha akacheka mpaka fimbo ikamtoka mkononi, akasema, "Mpeni mtalimbo huyo."

Akachimba kwa lile shati jeupe. Hakuna aliyenong'ona. Misa ilipokwisha, msalaba ukainuliwa, Paschal akaushika, na watu wa Dominiko wakafukia. Kila walipofikia robo aliwaambia washindilie, akausukuma kwa bega, akasema bado. Wakashindilia tena. Mara ya nne aliusukuma, msalaba haukujibu, akaitikia kwa kichwa na kuuachia.

Watu walikwenda kula. Yeye alibaki. Alichuchumaa pale, kiganja kwenye saruji, akaanza kuongea na shemeji yake, kwa Kisumbwa cha kwetu na kwa Kiswahili, bila haraka, kama mtu anayemalizia mazungumzo yaliyokatizwa. Nilikuwa nimerudi kumwita kwenye chakula. Nilisimama nyuma yake hatua tatu, sikumwita.

Tangu siku hiyo nimeulizwa na watu wa jumuiya, nimeulizwa na Luka, nimeulizwa hata na Mzee Mabula, Paschal alikuwa anasema nini muda wote ule. Nilisikia kila neno, tangu la kwanza hadi la mwisho. Siwaambii.